Samaki Waliobaki Ni Wangu

Jumatatu, 4 Machi

Mwenyewe ameondoka leo. Amechukua nguo zake, redio, na sanduku lake la vyuma vya umeme. Samaki amewaacha.

Humu mume wangu nitamwita Mwenyewe. Jina lake sitaki kuliandika, na tena watu wote waliokuja kutazama tangi miaka hii walikuwa wakinipita mlangoni wakiuliza, "Mwenyewe yupo?" kana kwamba mimi ni mpangaji.

Alisimama mbele ya tangi, begi begani. Akasema kule anakokwenda kwa huyo mwanamke hakuna nafasi. Nikamwuliza samaki atawaachia nani. Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani.

"Kufundisha watu kuendesha gari unaweza, Mwalimu. Lakini maji ya bahari ndani ya kioo si klachi na breki. Utanipigia simu kabla masika hayajaisha."

"Na nisipopiga?"

"Watakufa. Wakifa, basi wafe."

Nikamfungulia mlango, wazi kabisa.

Mama yake hakuondoka naye. Alikuja kwetu mwaka juzi kupasuliwa goti, akabaki. Leo mwanawe alipomwambia akusanye vitu vyake, alijibu kwamba goti linamuuma. Asubuhi halikuwa likimuuma, alipopanda kigoda kufuta vumbi kwenye taa. Mimi sijazaliwa jana. Ameachwa hapa awe jicho lake.

Sitapiga simu. Ndiyo maana nimenunua hili daftari, nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikusema.

Jioni nilivuta kiti nikawatazama samaki vizuri kwa mara ya kwanza. Wawili ni wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, hawaachani hata hatua: Maharusi. Yule wa buluu anayezunguka tangi zima akiwafukuza wenzake: Polisi. Wa njano: Ndimu. Kale kadogo kanakochota mchanga kwa mdomo na kuutema mchana kutwa: Kibarua. Kuna kikundi cha wadogo wa rangi ya fedha, kuna kamba wekundu wenye sharubu ndefu, na konokono wanaotambaa kwenye kioo. Miaka yote nimeishi nao bila kuwapa majina. Nimewapa leo kwa hasira.

Jumatano, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Mwanafunzi wangu Bi Breki amelizima gari katikati ya mzunguko, akavuta breki ya mkono, akafumba macho. Tumepigiwa honi na nusu ya mji.

Jumamosi, 9 Machi

Leo nimefanya usafi wa tangi. Nyuma ya kioo kuna chumba chembamba chenye pampu na chujio, na kwenye chujio kuna sponji. Ilikuwa nyeusi tii, inanuka matope. Huyu bwana aliyejifanya profesa wa samaki, kumbe sponji hajaiosha tangu lini! Nimeipeleka kwenye bomba, nimeikamua na kuikamua hadi maji yakatoka meupe. Nikairudisha inang'aa kama mpya.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni akinitazama. Nikamwambia, "Ndivyo usafi unavyokuwa." Akaenda zake jikoni.

Jumanne, 12 Machi

Polisi hafukuzi mtu. Yuko juu, mdomo kwenye uso wa maji, anahema kama mtu aliyepanda ngazi mbio.

Jumatano, 13 Machi

Polisi amekufa. Wale wa fedha wamebaki wachache, na hao waliobaki wanaogelea upande upande. Nimemtoa Polisi kwa chujio la chai. Rangi ya buluu ilikuwa inamtoka huku namwangalia. Nimemzika kwenye kopo la maua dirishani kwa sababu chooni nimeshindwa kumtupa.

Simu ilikuwa mezani. Niliiona. Niliitia ndani ya droo.

Alhamisi, 14 Machi

Wa fedha wote wamekwisha.

Wakati wa chakula mama yake alikuwa anachambua maharage, akasema bila kuinua macho, "Mimi sijui kitu. Lakini nawaza tu. Ile sponji ilipokuwa chafu, si uchafu wenyewe ndio ulikuwa na vijidudu vinavyokula mikojo ya samaki? Sasa maji ya bomba yana dawa ya kuua vijidudu."

Nilimtazama. "Umeyatoa wapi hayo, Mama?"

"Nawaza tu. Mtu akichambua maharage anawaza."

Nilikasirika, kisha nikavaa viatu nikaenda kwa Kobe.

Kobe ana duka la samaki wa mapambo nyuma ya soko. Anaitwa hivyo kwa sababu ukimwuliza swali Jumatatu anakujibu Jumatano. Ni rafiki wa Mwenyewe, ndiyo maana nilikuwa sijakanyaga kwake. Niliingia nikamwambia moja kwa moja, "Samaki wangu wanakufa. Nataka dawa ya kupimia maji. Na sitaki yule bwana ajue."

Kobe akapangusa mikono. Akatazama dari. Mwishowe akasema, "Mimi nauza dawa. Siri siuzi, lakini pia sigawi bure."

Akanifundisha: unatia maji ya tangi kwenye kichupa, unadondosha vitone, unasubiri. Rangi ikibaki njano, heri. Ikigeuka kijani, kuna amonia, sumu ya mikojo yao, na amonia ndiyo inayowachoma mashavu wanayopumulia wakakosa hewa. Akanipa pia chupa ya vijidudu wapya, na dawa ya kuondoa klorini, ile dawa ya kuua vijidudu, kwenye maji ya bomba.

Nimepima. Kijani. Kijani kibichi kama jani.

Kwa hiyo niliyewaua ni mimi, kwa usafi wangu. Sawa, nimeandika, wala sifuti. Lakini kosa limeshajulikana, na kosa linalojulikana mimi nalisahihisha kila siku barabarani. Mwanafunzi akiingia shimoni simwambii ashuke gari aende nyumbani.

Ijumaa, 15 Machi

Nimetoa maji ndoo mbili, nimetia mapya ndoo mbili: chumvi ya tangi, dawa ya klorini, kukoroga, kuacha yapate joto la chumba. Bado kijani.

Jumamosi, 16 Machi

Ndoo. Kijani.

Jumapili, 17 Machi

Ndoo. Mvua mchana kutwa. Kijani, lakini chepesi.

Jumatano, 20 Machi

Ndoo. Nimeanza kuota ndoo.

Jumatatu, 25 Machi

Njano! Njano kama yai! Maharusi wanakula, Ndimu anakula, Kibarua amerudi kazini anatema mchanga. Nilimwita mama yake aje aone kichupa. Akakiinua kwenye mwanga, akasema, "Mimi sijui kitu, lakini hiyo ni njano." Nikacheka. Sikukusudia kucheka naye.

Mtoto wetu amepiga kutoka chuoni. Anauliza hali, lakini hataki kusikia habari za upande wowote. Nikampa habari za Kibarua.

Jumanne, 2 Aprili

Maji mazuri. Bi Breki amebadilisha gia bila kuiangalia. Siku njema.

Jumanne, 9 Aprili

Konokono mmoja ameanguka kutoka kwenye kioo. Nimemrudisha.

Alhamisi, 11 Aprili

Ameanguka tena, na mwingine pamoja naye. Wamelala kwenye mchanga, midomo wazi. Nimepima amonia: njano. Nimetumia na vipimo vingine nilivyonunua kwa Kobe: vyote sawa. Chumvi sawa. Joto sawa.

Jumamosi, 13 Aprili

Kamba mmoja amekufa. Samaki wazima wa afya, wanakula, ila kamba na konokono wanakwisha. Nimetafuta hadi macho yamevimba. Kama maji ni mabaya, kwa nini samaki hawahemi?

Mama yake: "Mimi sijui kitu. Labda chumvi imezidi? Maji yakikauka chumvi haiendi popote."

Nilishapima, nikamjibu kwa mkato.

Jana jioni alikuwa barazani na simu, anaongea chini chini. Nilipotokea akakata.

Jumanne, 16 Aprili

Habari ya leo itakuwa ndefu.

Somo la saa tano liliahirishwa kwa sababu barabara ilijaa maji, nikarudi nyumbani mapema. Niliingia kwa mlango wa nyuma. Mama yake alikuwa amesimama kwenye kigoda mbele ya tangi, mkono umezama hadi kiwiko, na simu ameibana kati ya sikio na bega. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Naam, wamekufa. Kamba wote wawili. Hapana, yeye hajui ni nini."

Nilisimama pale nikiwa na matone ya mvua usoni. Kisha mdomo wangu ukafunguka, na sikuufunga kwa wakati.

Nilimwambia nimemlisha, nimemwogesha goti lake lilipokuwa na nyuzi, nimempa chumba chenye dirisha. Na yeye anakaa humu anampelekea mwanawe habari za misiba yangu. Kisha nikamwambia: "Unataka wafe ili nimpigie simu arudi. Umetia nini mle ndani?"

Alishuka kwenye kigoda polepole, akishikilia ukuta. Akafungua kiganja. Ndani mlikuwa na konokono aliyeoza, ananuka.

"Nilikuwa namtoa," akasema. "Akioza humo atawadhuru wengine."

"Na simu?"

Alifuta mkono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja. "Simu ni yangu," akasema. Akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Sijamwomba radhi. Konokono ni kweli alikuwa ameoza. Lakini na simu nayo ni kweli nilimsikia.

Jumatano, 17 Aprili

Hatusemezani. Chai nimeikuta mezani imefunikwa.

Alhamisi, 18 Aprili

Hatusemezani. Kibarua hatemi mchanga. Amejificha chini ya jiwe.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimebadilisha maji. Kibarua bado. Konokono wa mwisho ameanguka.

Kobe kasema labda niwauze waliobaki wangali wazima. Atawachukua yeye, tena kwa wema tu, nipumzike. "Hili si jambo la aibu," akasema. Nikamwambia aibu sina, nilicho nacho ni kiburi, na kiburi hakiuzwi dukani kwake.

Jumapili, 21 Aprili

Bado nanuka maji ya chumvi hadi kwenye nywele. Naandika mikono ikiuma.

Dhoruba ilianza tukiwa tumemaliza kula chakula cha mchana, kila mtu na sahani yake, yeye jikoni na mimi sebuleni. Radi ikapiga karibu mno, mtaa mzima ukapiga kelele, umeme ukaenda. Nilitoka barazani nikaona moshi kwenye nguzo ya kona. Nikajua hiyo si ya kurudi leo.

Nyumba ilinyamaza. Ndipo nilipogundua kwamba miaka yote sijawahi kuisikia sebule yangu bila mngurumo wa pampu. Maji yalisimama tuli kama ya kwenye beseni. Muda si mrefu Maharusi walikuwa juu, midomo nje.

Nilichukua jagi, nikachota, nikamimina kutoka juu, maji yapige maji yaingize hewa. Chota, inua, mimina. Chota, inua, mimina. Mabega yalianza kulalamika. Nikabadilisha mkono. Mvua inapiga bati kama inatudai kitu.

Kisha jagi la pili likaingia upande wa pili wa tangi. Sikuinua macho. Nilijua ni mkono wa nani.

Tulifanya hivyo bila kusema, mmoja anachota mwingine anamimina, hadi tukapata mwendo. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ule wa goti ameupumzisha kwenye kigoda.

"Inua juu zaidi," akasema ghafla. "Anasema ukimimina kutoka juu hewa inaingia zaidi."

Jagi langu likasimama hewani. "Nani anasema?"

Akachota tena, akamimina.

"Nani anasema, Mama?"

"Mimina, wewe! Watakufa huku unanihoji."

Nikamimina. Naye akaanza kusema, kwa pumzi za vipande, kati ya jagi na jagi.

"Nilijua wewe simu hutapiga. Hata nyumba iungue, hutapiga. Nikasema sawa, asipige. Nitapiga mimi. Lakini sitamwomba kitu. Nitajifanya mjinga. Namwambia, 'Hivi mwanangu, wale samaki wako ulikuwa unawafanyaje?' Yule ukimwuliza anachokijua, hanyamazi. Anaeleza, anaeleza, mimi naitikia naam, naam. Kisha naja kwako nasema nawaza tu."

"Ile sponji?"

"Yeye."

"Na ile ya chumvi?"

"Yeye. Maharage yangu hayajui habari za chumvi."

Nilijikuta nimeketi kwenye ukingo wa kochi, jagi mapajani. Hasira ilinipanda, nakiri. Wiki zote zile nilizojiona nimesimama peke yangu, kumbe nilikuwa nimesimama juu ya maneno yake.

"Kwa hiyo amenisaidia yeye," nikasema.

Mama aligeuka akanitazama kwa ukali ambao sikujua kama anao. "Umesaidiwa na mimi. Yeye hajui kama amesaidia mtu. Anadhani nimemkumbuka." Akachota. "Na ile ya kamba nilimwuliza, hajui. Ameshindwa. Kasema labda umewatia sabuni. Sasa simama, mkono wangu umekufa ganzi."

Nikasimama. Nilitaka kusema nisamehe. Yaliyotoka ni, "Mama, mimi nina pampu."

"Pampu ipi? Umeme huna."

"Ya tairi."

Nilikimbia mvuani. Ndani ya buti ya gari la shule ya udereva nina pampu ndogo ya kujazia tairi, inachomekwa kwenye gari lenyewe. Nililirudisha gari kinyumenyume hadi chini ya dirisha la sebule, maua yakalazwa. Nikapitisha mpira dirishani. Injini niliizima ili moshi usiingie, nikaacha betri peke yake ifanye kazi. Mama akaukamata mpira ndani ya maji kama anayemshika nyoka shingoni, na tangi zima likachemka mapovu. Pampu inapiga kelele za kumtoa mtu akili. Ikipata moto tunaizima, tunarudi kwenye majagi. Ikipoa tunaiwasha.

Umeme ulirudi giza linaingia. Tulikuwa tumelowa, sakafu imelowa, kochi limelowa. Maharusi wako hai. Ndimu yuko hai. Kibarua hatujamwona.

Nikamwambia wakati tunakausha sakafu: "Nilisema neno baya sana siku ile."

"Ulisema."

"Nisamehe, Mama."

"Kamua hilo tambara vizuri," akasema. "Unaeneza maji tu." Lakini alinipigapiga mgongoni alipopita.

Jumatatu, 22 Aprili

Gari limekataa kuwaka, betri imekwisha. Bi Breki amelisukuma mtaa mzima kwa viatu vya kazini. Nikamwambia hilo nalo ni somo.

Pampu ya tangi nayo inanguruma bila kusukuma maji. Kesho nitaifungua.

Jumanne, 23 Aprili

Nimeipata.

Niliitoa pampu kwenye chumba cha nyuma ili niisafishe mchanga. Imeunganishwa na mpira mfupi, na pale mpira unapokutana na pampu pamefungwa kwa waya wa umeme. Waya wenye ganda jeusi la plastiki, umezungushwa mara kadhaa, ncha zimesokotwa na kulazwa upande mmoja. Msokoto ule naujua. Mlango wa kabati langu umefungwa hivyo, mguu wa meza ya jikoni umefungwa hivyo, hata mpini wa sufuria. Nusu ya nyumba hii imeshikiliwa na misokoto ya Mwenyewe.

Ganda limepasuka. Ndani yake waya umekuwa wa kijani, na mahali pengine umelika hadi umebaki mwembamba kama uzi. Nilipougusa, unga wa kijani ulibaki kidoleni.

Ni shaba. Na sehemu iliyolika haikupaa hewani. Imo ndani ya maji.

Sikungoja hata kubadili nguo. Kobe alipoushika ule waya hakutazama dari, na huo ni muujiza. Alisema upesi kuliko nilivyowahi kumsikia: "Samaki wanaweza kuivumilia kidogo. Kamba na konokono hawawezi. Wao hufa kwanza." Akachomoa kipimo kingine, cha shaba, tukapima maji niliyokuja nayo kwenye chupa. Rangi ikapanda mbele yetu.

"Alifunga yeye," Kobe akasema.

"Alifunga yeye."

"Hakukusudia."

"Sijasema alikusudia. Mimi nilipoosha sponji nilikusudia?"

Nimerudi na mkaa wa kuchujia na chumvi nyingi. Mama aliutazama ule waya muda mrefu. Kisha akasema, "Hilo hata kama ningemwuliza mwaka mzima, asingeniambia." Nadhani alikuwa anajaribu kunifurahisha. Amefaulu.

Jumatano, 24 Aprili

Ndoo. Mkaa. Kipimo bado kina rangi.

Ijumaa, 26 Aprili

Ndoo. Mama anakoroga chumvi kwa mwiko wa ugali mkubwa na anaimba. Hana sauti nzuri.

Jumapili, 28 Aprili

Kibarua! Ametoka chini ya jiwe amekonda, akatema mchanga mara moja, akaingia tena. Tumepiga makofi kama wehu.

Jumamosi, 4 Mei

Kipimo cha shaba hakina rangi kabisa. Nimerudia, hakina.

Ijumaa, 10 Mei

Bi Breki amefaulu mtihani. Mtahini amesema ana tahadhari sana. Mvua imepungua, ni manyunyu ya asubuhi tu.

Jumapili, 12 Mei

Mwenyewe amekuja.

Alibisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya nilipokuwa mkewe. Ana ndoo mbili zenye vifuniko na mfuko wa pampu. Kobe amemwambia tangi limetulia. Na kule anakokaa sasa imepatikana nafasi.

"Nimekuja kuchukua samaki wangu, Mwalimu," akasema, huku tayari anapita. Akafika mbele ya kioo akachuchumaa. Nilimwona usoni kupitia kwenye maji. Alitafuta kushoto, akatafuta kulia, akasogeza kichwa atazame nyuma ya mawe.

"Yule wa buluu yuko wapi?"

"Alikufa Machi."

Aliweka vidole kwenye kioo, akakaa hivyo. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima, na mbele yangu kulikuwa na mtu aliyechuchumaa na mabega yameshuka. Alimpenda yule samaki. Nilikuwa nimesahau kwamba kuna vitu alivipenda.

"Huyo nilimuua mimi," nikamwambia. "Nilikamua sponji bombani. Kamba na konokono uliwaua wewe." Nikampa ule waya. Nilikuwa nimeuhifadhi kwenye kopo la vifungo.

Aliugeuza geuza. Alitambua mkono wake, nilimwona akitambua. "Ulikuwa na ganda," akasema.

"Ulikuwa nalo."

"Haiwezekani waya kidogo hivi..."

"Nimepima. Kobe amepima."

Akauweka mezani taratibu. Kisha akasimama, akashika ndoo. "Hata hivyo. Samaki ni wangu. Niliwanunua mimi."

Nikasimama kati yake na tangi. Sauti ilitoka ile ninayoitumia barabarani mwanafunzi anapotaka kupita taa nyekundu.

"Ulisema wakifa wafe. Wakafa. Waliokufa walikuwa wako, unaweza kuwalilia. Waliobaki ni wangu. Nimewanywesha maji ndoo kwa ndoo, nimewapulizia pumzi kwa pampu ya tairi. Hakuna hata mmoja anayetoka humu."

"Mama," akasema, akigeukia jikoni. "Mwambie huyu."

Mama alitoka akijifuta mikono. Akamtazama mwanawe kutoka kichwani hadi kwenye ndoo.

"Umekula?"

"Mama, nasema..."

"Nimekuuliza umekula?"

Hakuwa amekula. Alimpakulia. Akamketisha kwenye kiti kinachotazama tangi, akakaa karibu naye akimtolea mifupa kwenye nyama kama mtoto. Hakuna aliyesema kuhusu samaki. Alipomaliza, Mama akachukua sahani, akasema kwa upole kabisa, "Mimi ndiye niliyekuzaa, na hilo haliondoki. Lakini hapa ndipo ninapokaa. Usisahau ndoo zako mlangoni."

Aliondoka nazo tupu. Kwenye ngazi aligeuka, nikadhani atasema neno la kuudhi. Akasema, "Yule wa njano anapenda majani ya mwani. Ukikausha."

"Najua," nikasema. Sikujua. Kesho nitanunua.

Jumatatu, 20 Mei

Nimenunua kamba mmoja. Kobe alisema kipimo cha vitone ni kizuri, lakini kamba ndiye kipimo chenyewe. Maji yakiwa bado na shaba, hataishi wiki. Tumeuacha mfuko wake uelee kwenye tangi hadi joto lilingane, tumemwongezea maji kidogo kidogo kwa kijiko. Mama hakunywa chai mpaka kamba aliposimama juu ya jiwe.

Jumamosi, 25 Mei

Yuko hai. Anasafisha mawe.

Alhamisi, 30 Mei

Jua tangu asubuhi. Nilikuwa navaa viatu Mama alipopiga ukelele sebuleni.

"Amekufa! Njoo! Kamba amekufa!"

Nilifika na kiatu kimoja. Alikuwa chali kwenye mchanga mbele kabisa, mweupe, miguu imekunjwa, maji yanamyumbisha. Sikulia. Nilivuta droo, nikatoa vipimo vyote, nikavipanga mezani: amonia, chumvi, shaba, kimoja baada ya kingine. Ndoo ilikuwa wapi? "Mama, lete ndoo, tunaanza upya." Naye bila kuuliza akaanza kukunja mikono ya gauni.

Nikamtoa kwa chujio la chai, nikamweka kiganjani. Hakuwa na uzito. Nilimbonyeza kidogo, akabonyea kama karatasi. Sharubu zilikuwepo, miguu yote ilikuwepo, hata vifuniko vya macho vilikuwepo. Mgongoni alikuwa amepasuka mstari mmoja, na ndani hamna kitu.

"Mama. Hili ni ganda."

"Ganda la nini?"

Tulipiga magoti wote wawili, yeye na goti lake. Nyuma ya jiwe kubwa, kwenye kivuli, kamba alikuwa amesimama. Mkubwa kuliko jana, mwekundu kama nguo mpya isiyofuliwa bado, sharubu zimenyooka mbele. Alikuwa amekua hadi nguo imembana, akaivua.

Mama alikaa sakafuni akaegemea kochi, mkono kifuani. Alivuta pumzi mara kadhaa. Kisha akamwelekezea kidole kwenye kioo.

"Wewe! Siku nyingine ukitaka kubadili nguo, useme!"

Nimechelewa somo la kwanza. Nikirudi nitapitia kwa Kobe, nimletee kamba wetu mwenzake.